Usikubali uvimbe wa siri ukatwe na kutupwa

Ni Jumamosi jioni. Umerudi kutoka sokoni, watoto wamekula, na sasa umepata nafasi ya kuoga kwa utulivu. Unapojisugua kwa sabuni, vidole vinagusa kitu ambacho wiki iliyopita hakikuwepo. Ni uvimbe mdogo, laini, upande mmoja wa sehemu zako za siri. Hauumi wala hauwashi. Unaugusa tena, kisha unajimwagia maji haraka kana kwamba hukugundua chochote.

Utamwambia nani? Mumeo atataka kujua umeutoa wapi. Dada yako hana siri. Mama mkwe ndiye kabisa, huwezi hata kuanza. Basi unanyamaza mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Uvimbe nao haukungoji. Unakua pole pole hadi siku unayokaa kwenye kiti cha matatu na kuuhisi.

Mwishowe unajikaza na kwenda duka la dawa. Unamweleza kijana aliye kwenye kaunta kwa mafumbo, naye bila kuuliza mengi anakujibu, "Mama, hilo ni jipu. Meza hizi kwa siku saba." Unazimeza zote. Uvimbe uko pale pale. Unaenda kituo cha afya, unapasuliwa, na badala ya usaha au maji inatoka nyama laini inayoteleza. Nyama hiyo inatupwa pamoja na pamba zilizojaa damu. Unashonwa na kuambiwa urudi kutolewa nyuzi. Baada ya mwaka mmoja na nusu, jioni nyingine ukiwa bafuni, vidole vinaugusa tena. Mahali ni pale pale.

Mama huyu, msomaji, si mtu ninayemjua kwa jina. Nimemchora ili tuelewane. Lakini hakuna hatua hata moja aliyopitia ambayo madaktari hawajaiandika katika majarida yao, tena si mara moja. Alikosea kunyamaza, ndiyo. Hata hivyo, kosa kubwa zaidi katika safari yake lilikuwa ile nyama kutupwa. Pamoja nayo lilitupwa jibu.

MAHALI PENYEWE

Wengi wetu tulilelewa kutaja kila kiungo cha mwili, kuanzia utosi hadi ukucha, isipokuwa kimoja. Hapo tulifundishwa kusema "huko chini" na kuishia hapo. Matokeo yake ni kwamba mwanamke mwenye watoto wanne huenda hajui kumweleza daktari ni wapi hasa panapomsumbua.

Sehemu za nje za uke zina mashavu mawili ya nje, yenye vinyweleo na mafuta chini ya ngozi. Ndani yake kuna midomo miwili myembamba isiyo na vinyweleo. Juu, midomo hiyo inapokutana, kuna kinembe. Chini yake lipo tundu la mkojo, kisha mlango wa uke wenyewe. Katika eneo hilo dogo kuna ngozi, mafuta, misuli, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, tezi za jasho na tezi za ute. Kila kimojawapo kinaweza kuota uvimbe wake. Ndiyo sababu daktari mwenye uzoefu hasemi haraka.

Aina nyingi za uvimbe wa hapo si za kutisha. Kuna vipele vya vinyweleo vilivyozamia ngozini, hasa kwa wanaonyoa. Kuna majipu ya kweli, yenye joto, maumivu na usaha. Kuna sunzua ziletwazo na virusi. Kuna mishipa ya damu inayovimba kwa mama mjamzito na mara nyingi hunywea baada ya kujifungua. Kuna uvimbe wa mafuta, ambao hukua taratibu na hauna neno.

Ipo pia ngiri. Watu wengi hudhani ngiri ni ugonjwa wa wanaume, lakini utumbo wa mwanamke unaweza kushuka kupitia kinena hadi kwenye shavu la nje la uke. Uvimbe wa namna hii mara nyingi huongezeka unapokohoa au kubeba mzigo, na hurudi ndani unapolala. Mtu akiupasua akidhani ni jipu, anaweza kuutoboa utumbo. Hebu tafakari hatari hiyo kabla hujampa mtu yeyote ruhusa ya kushika wembe.

TEZI ZA BARTHOLIN

Mwanamke akipatikana na uvimbe karibu na mlango wa uke, jina linalotajwa kwanza karibu kila mahali ni Bartholin. Jina hilo ni la Caspar Bartholin, mtaalamu wa mwili wa binadamu kutoka Denmark, aliyezieleza tezi hizo katika karne ya 17. Ni tezi mbili, kila moja kama punje ya njegere, zilizo upande wa chini wa mlango wa uke. Ukiufikiria mlango huo kama uso wa saa ya ukutani, tezi moja iko penye namba 4 na nyingine penye namba 8. Kazi yake ni kutoa ute wa kulainisha.

Njia ya tezi ikiziba, ute hujaa ndani na kufanya uvimbe wa mviringo. Viini vikiingia, uvimbe huo hugeuka jipu lenye maumivu makali, kiasi kwamba mgonjwa hawezi kutembea vizuri. Inakadiriwa kuwa wanawake 2 kati ya kila 100 hupatwa na tatizo hili wakati fulani maishani. Tiba yake inajulikana na wengi hupona.

Tatizo ni kwamba jina hili limezoeleka mno. Kwa kuwa uvimbe wa Bartholin ni wa kawaida, kila uvimbe wa mahali hapo hupewa jina hilo hilo, hata ule ulio mbali na namba 4 na namba 8, hata ule usio na maji ndani. Aidha, wataalamu wanashauri kwamba mwanamke aliyepita miaka 40 akipata uvimbe mpya wa Bartholin kwa mara ya kwanza, kipande chake kichunguzwe. Katika umri huo kuna uwezekano, ingawa ni mdogo, kwamba tezi hiyo imeingiwa na saratani.

UVIMBE ULIOPATA JINA 1983

Sasa tufikie ile nyama laini inayoteleza aliyotolewa mama wa hadithi yetu. Mwaka 1983 wataalamu wawili nchini Marekani, Steeper na Rosai, waliandika kuhusu wanawake 9 waliokuwa na uvimbe wa aina moja katika nyonga na sehemu za siri. Wakaupa jina ambalo hata madaktari hulitamka kwa kusitasita: anjiomiksoma kali. Sehemu ya kwanza ya jina hilo inahusu mishipa ya damu na ya pili inahusu ute, maana ukitazamwa kwa hadubini uvimbe huo huonekana kama ute uliotapakaa mishipa mingi ya damu. Uliitwa mkali kwa sababu una tabia ya kujipenyeza katika nyama za jirani na kurudi baada ya kukatwa.

Ni ugonjwa adimu sana. Wengi wanaoupata ni wanawake walio katika umri wa kuzaa. Hauna maumivu, nao hukua pole pole. Kwa macho na vidole unafanana na uvimbe wa Bartholin, au wa mafuta, au ngiri. Ndiyo maana wagonjwa wengi walioandikwa katika majarida walipewa kwanza jina lisilo lao, na ukweli ukajulikana baada ya upasuaji, pale ambapo mtu alikumbuka kupeleka nyama maabara.

Jambo la kuzingatia zaidi ni hili. Kinachoonekana nje huwa ni kidogo kuliko kilichoko ndani. Umewahi kung'oa muhogo? Juu ya ardhi unaona shina jembamba tu, lakini ukichimba unakuta mizizi imeenda huku na kule. Ndivyo ulivyo uvimbe huu. Unaweza kuonekana kama yai la kuku kwenye shavu la uke, kumbe umeshapanda hadi ndani ya nyonga, ukakaa pembeni ya kibofu na utumbo mkubwa. Daktari asiyejua hilo hukata kilicho nje na kuacha mizizi.

Habari njema ni kwamba ni nadra sana uvimbe huu kusambaa hadi mapafu au ini kama saratani zinavyofanya. Wanaouugua wengi huishi. Lakini unaweza kurudi baada ya miaka kadhaa, hata zaidi ya 10, na kwa hivyo mgonjwa anahitaji kuonwa na daktari mara kwa mara. Vilevile mara nyingi hulishwa na homoni za kike, na wapo wagonjwa ambao uvimbe uliongezeka wakiwa waja wazito. Kwa baadhi yao madaktari hutumia sindano za kupunguza homoni hizo ili uvimbe unywee.

Yote hayo, yaani kupiga picha ya nyonga kabla ya upasuaji, kukata kwa mpango, kutoa sindano na kumfuatilia mgonjwa kwa miaka, hayawezekani ikiwa uvimbe haujapewa jina lake.

JINA HUTOKA MAABARA

Je, jina hilo hupatikanaje? Hatua ya kwanza ni mazungumzo. Daktari atataka kujua uvimbe ulianza lini, umekua kwa kasi gani, unauma au la, na kama hubadilika wakati wa hedhi. Usiyachukulie maswali haya kuwa ni udaku. Kwa mfano, uvimbe ulio kwenye kovu la mshono wa kujifungua, ambao huvimba na kuuma kila mwezi siku za hedhi, unaweza kuwa ni nyama ya mji wa mimba iliyoota mahali pasipo pake.

Hatua ya pili ni kutazamwa na kuguswa. Utaombwa ulale chali, taa ivutwe karibu, na pengine ukohoe ili ngiri ijitokeze kama ipo. Unayo haki ya kumwomba muuguzi wa kike awepo chumbani, na hakuna daktari mstaarabu atakayekasirika kwa ombi hilo.

Hatua ya tatu, uvimbe ukiwa mkubwa au ukikosa kueleweka, ni picha. Ultrasaundi huonyesha kama ndani kuna maji au nyama. Hilo peke yake lingetosha kumzuia mtu kupasua uvimbe wa nyama akitafuta usaha. Ikishukiwa kwamba uvimbe umepanda ndani, picha ya MRI huonyesha umefika wapi. Anjiomiksoma kali mara nyingi huonekana humo ikiwa na mistari iliyozungukana, mithili ya maji yanayokorogwa.

Hatua ya nne ndiyo inayotoa jibu: kipande cha nyama. Kwa kidonda au baka la ngozi, sehemu hudungwa sindano ya ganzi, kisha kifaa chenye mdomo wa duara, wenye upana wa milimita 4 hivi, hutumika kutoa kijipande. Utahisi kuchomwa kwa sindano, baada ya hapo ni kuguswa tu. Kama uvimbe ni mdogo unaweza kutolewa wote kwa pamoja, lakini nao lazima uende maabara.

Kipande hutiwa kwenye kichupa chenye dawa iitwayo fomalini ili kisioze. Hakitiwi kwenye maji ya chumvi, wala hakifungwi kwa pamba kavu. Kichupa huandikwa jina la mgonjwa na mahali kipande kilipotolewa. Katika vituo vingine mgonjwa mwenyewe au jamaa yake ndiye hukabidhiwa kichupa akipeleke maabara. Ukikabidhiwa, usiende nacho nyumbani kukiweka juu ya kabati ukingoja mwisho wa mwezi. Kipeleke siku hiyo hiyo.

Huko maabara, kipande hugandishwa ndani ya nta na kukatwa vipande vyembamba ajabu, vyenye unene wa maikroni 4 au 5. Chukua karatasi moja ya daftari la mtoto, ujaribu kuipasua unene wake mara 20. Ndivyo vilivyo vyembamba. Kisha hutiwa rangi mbili. Moja ni ya buluu, itokanayo na mti wa Amerika ya Kati, na nyingine ni ya waridi. Mwanapatholojia huvitazama kwa hadubini na kutoa jina. Jina likiwa gumu kupatikana, huongeza vipimo vingine vya kutambua chembe, kwa mfano kama zinaitikia homoni za kike.

Huyo mwanapatholojia huenda hutamwona maishani mwako. Lakini ndiye mtu wa pekee katika safari nzima ambaye hakisii.

SARATANI NAYO IPO

Hatuwezi kuzungumzia uvimbe wa sehemu hizi bila kutaja saratani. Saratani ya sehemu za nje za uke si ya kawaida ikilinganishwa na ile ya mlango wa kizazi. Mwaka 2022 ilikadiriwa kuwa wanawake zaidi ya 47,000 ulimwenguni waligunduliwa kuwa nayo, ilhali wa saratani ya mlango wa kizazi walikuwa kama 660,000. Uchache huo ndio mtego. Daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nayo, na siku akikutana nayo akadhani ni ukurutu.

Takribani 9 kati ya 10 ya saratani hizi huanzia kwenye chembe za ngozi ya juu. Dalili zake ni kuwashwa kusikoisha hata baada ya kupaka dawa, kidonda kisichopona, nyama ngumu inayoota, baka jeupe au jekundu, au ngozi iliyokakamaa. Baka jeusi linalobadilika umbo au rangi nalo ni la kuchunguzwa haraka, kwa kuwa huweza kuwa saratani ya rangi ya ngozi.

Kwa wanawake wazee saratani hii mara nyingi hutanguliwa na ugonjwa wa ngozi unaofanya mahali hapo pawe peupe na pepesi kama karatasi iliyokunjwa, pakiwasha usiku na mchana. Kwa walio na umri mdogo, mara nyingi chanzo ni virusi vya HPV, na wanaoishi na virusi vya Ukimwi wako katika hatari kubwa zaidi. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa rasmi kwa wasichana nchini Kenya mnamo Oktoba 2019. Mzazi unayeisoma makala hii, chanjo hiyo unayoambiwa ni ya mlango wa kizazi hulinda pia dhidi ya saratani ya huku nje inayoletwa na virusi hivyo.

Ikigunduliwa mapema, kabla haijafika kwenye tezi za kinena, wengi hupona. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 walio katika hatua hiyo huwa hai baada ya miaka 5. Ikichelewa, hesabu hubadilika vibaya.

USIMHUKUMU MTU KWA UVIMBE

Hapa nina neno kwa waume na wazazi. Nyumba nyingi zimeingiwa na ugomvi kwa sababu ya uvimbe ambao hauna uhusiano wowote na uasherati. Mume anasema, "Umetoka nje." Mama anamkalisha binti yake jikoni na kumwuliza, "Ni nani huyo?" Kumbe kilichopo ni maradhi ambayo hayachagui mcha Mungu wala mhuni.

Chukua mfano wa kichocho. Katika sehemu za Pwani kama Kwale, Kilifi na Tana River, watoto huoga na kuchota maji kwenye mito na mabwawa yenye konokono wanaobeba vimelea vya ugonjwa huo. Mayai ya vimelea vya kichocho cha mkojo huweza kunasa katika nyama za sehemu za siri na kufanya vinundu au vidonda, hata kwa msichana ambaye hajavunja ungo. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kuwa wanawake na wasichana milioni 56 kusini mwa Sahara wameathirika namna hii. Dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli. Lakini binti atapewaje vidonge ikiwa badala ya hospitali amepelekwa kwa shangazi kuhojiwa?

Mfano mwingine ni wa waliokeketwa. Kovu la ukeketaji huweza kuzika ngozi ndani. Ngozi hiyo huendelea kutoa taka zake bila mahali pa kupitia, na baada ya miaka hujaa kitu kama jibini na kufanya uvimbe karibu na kinembe. Huweza kufikia ukubwa wa chungwa. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji nchini ilipitishwa mwaka 2011, na utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa wanawake 15 kati ya 100 walio na umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ikilinganishwa na 38 kati ya 100 mnamo 1998. Idadi imeshuka, lakini hao 15 wapo, na baadhi yao wamebeba uvimbe huo kimya kimya wakidhani ni laana. Kwa kawaida si saratani, na daktari wa upasuaji anaweza kuutoa.

UFANYE NINI?

Kwanza, jifahamu. Mara moja kila mwezi, baada ya hedhi, chukua kioo kidogo cha mkononi, ukae penye mwanga, ujitazame na kujigusa. Ukishajua umbo lako la kawaida, mabadiliko hayatakuponyoka. Akina dada mlio vyuoni, na nyinyi pia msidhani haya ni ya mama zenu.

Pili, usijitibu. Usipake magadi, ugoro wala dawa ya meno. Usitoboe kwa sindano. Ukipewa vidonge na uvimbe ukabaki vile vile baada ya kuvimaliza, usinunue vingine. Nenda hospitali.

Tatu, usingoje maumivu. Tumezoea kudhani kisichouma si ugonjwa, ilhali uvimbe hatari mara nyingi hauumi mwanzoni. Uvimbe unaokua, au kidonda au kuwashwa kunakoendelea kwa wiki kadhaa, uonwe na daktari.

Nne, uliza. Kabla ya kukatwa, mwulize daktari: "Unadhani huu ni uvimbe gani, na unaweza kuwa nini kingine? Ndani kuna maji au nyama? Je, ninahitaji picha kwanza? Kipande kitapelekwa maabara gani, na majibu yatatoka lini?" Huhitaji kuwa na digrii ili kuuliza maswali haya. Ukijibiwa kwamba maabara ni gharama tu isiyo na maana, uliza bei yake, uulize kama bima yako inalipia, kisha uilinganishe na gharama ya kupasuliwa mara ya pili na ya tatu.

Tano, tunza karatasi. Majibu ya maabara yaweke pamoja na kitambulisho na vyeti vya watoto vya kuzaliwa. Uvimbe ukirudi baada ya miaka 7, ukiwa umehamia mji mwingine, daktari mpya atayasoma na kujua pa kuanzia. Bila karatasi hiyo ataanza kukisia upya.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wengi wetu hudhani methali hiyo inahusu kujifungua peke yake, lakini inamhusu kila mwanamke anayeona haya kupanda kitanda cha daktari.

Turudi kwa yule mama wa bafuni. Safari hii hakwenda duka la dawa. Alimwambia dada yake, yule asiye na siri, naye kwa mshangao wa mama akavaa kanga, akachukua mkoba na kusema, "Twende sasa hivi." Alipigwa picha, ikaonekana uvimbe umepanda ndani. Akatolewa kipande, kikatiwa kwenye kichupa, na wakakipeleka wawili hao kwa matatu, mdogo akiwa amekishika kwa mikono yote miwili. Majibu yalipotoka, yalikuwa na jina refu ambalo hakuna kati yao aliyeweza kulitamka. Lakini daktari alilijua, na kwa kulijua alijua pia akate hadi wapi, na amwite tena lini.

Kama nawe una uvimbe uliokaa nao kimya, usingoje tena. Hospitali ziko wazi.